Kuitafuta Tezi: Safari ya Mwalimu wa Bara Hadi Kipini

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Methali hii nimeifundisha kwa muda wa miaka 18 katika shule ya upili iliyo karibu na soko la Mulot, pale ambapo barabara itokayo Narok huuvuka mto Amala na kuingia Bomet. Nimeiandika ubaoni mara zisizo idadi, nimeitungia maswali ya mtihani, na siku moja ya wazazi niliitia katika hotuba nikapigiwa makofi. Naam, msomaji mpendwa, heri niungame mapema: katika miaka yote hiyo sikujua tezi ni kitu gani. Omo nayo sikuijua. Ama ngama, hiyo nilidhani ni jina la kijiji fulani cha pwani.

Wanafunzi wangu niliwaambia kwamba tezi ni upande wa kushoto na omo ni upande wa kulia. Maelezo hayo nilipewa na mwalimu wangu, naye bila shaka alipewa na wake. Maana ya jumla haikudhurika sana, kwa kuwa kila mmoja aliandika kwamba anayetangatanga huku na huko hatimaye hurejea kwao, na mwongozo wa kusahihisha uliridhika. Kamusi ilikuwamo maktabani. Sikuifungua, maana ni nani afunguaye kamusi kulitafuta neno ambalo anadhani analijua?

Kisha akaja binti mmoja wa kidato cha pili. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali aliyehamishiwa kwetu kutoka pwani ya kaskazini. Katika mtihani wa mwisho wa muhula aliandika kwamba tezi ni sehemu ya nyuma ya chombo cha baharini, omo ni sehemu ya mbele, na ngama ni chini, ndani ya chombo. Nilimkata alama mbili. Baada ya kurudishiwa karatasi yake alikuja akasimama mlangoni pa chumba cha walimu, akaniamkia kwa adabu, akasema: "Samahani, mwalimu. Jahazi umewahi kuliona?" Nilimwambia arudi darasani, kwa sauti ambayo nikiikumbuka hata leo hunitia haya. Muhula uliofuata baba yake alihamishwa tena, na binti akaondoka naye.

Haya yalitukia miaka mitatu iliyopita. Swali la binti yule halikuondoka naye. Kila nilipoingia darasani kufundisha methali lilikuwa limekwisha kunitangulia na kuketi dawati la mbele.

Walimu wenzangu wa Kiswahili mlio bara, hebu tusemezane bila kufichana. Tangu mfumo wa 8-4-4 uanze mwaka 1985, Kiswahili kimekuwa somo la lazima na la kutahiniwa. Katiba ya mwaka 2010 ikakifanya kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kwa hiyo maelfu yetu tuliozaliwa mbali na maji ya chumvi tumekuwa walimu wa lugha iliyojaa chumvi. Si aibu. Lugha ni ya kila aisemaye, na mimi niliyelelewa kwa Kikipsigis sitamwomba mtu radhi kwa Kiswahili changu. Lakini tazama tunachokifundisha. Dau la mnyonge haliendi joshi. Maji yakijaa hupwa. Chombo cha kuzama hakina usukani. Tunazungumza juu ya kusi na kaskazi, bamvua na maji mafu, nasi tunavitamka vitu hivi kama vile padri wa zamani alivyosoma Kilatini mbele ya waumini, kwa heshima kubwa na bila picha yoyote kichwani.

Mwalimu mwenzangu wa Jiografia, mwenye gari kuukuu la aina ya stesheni wagon ambalo yeye hulisifu kupita kiasi, ndiye aliyelitegua fumbo hili kwa kauli moja. "Likizo ya Agosti twende," alisema. "Wewe utaitazama tezi yako, nami nitautazama mdomo wa mto Tana." Nilimwuliza kwa nini asitosheke na Mombasa, ambako ziara zote za shule yetu huishia: Fort Jesus asubuhi, kivuko cha Likoni adhuhuri, na kuogelea kidogo kabla ya basi kupigiwa honi. Akanijibu kwamba Mombasa ameiona mara saba na bado hajui mto mkubwa wa nchi hii unaingiaje baharini.

Tulipolivuka daraja la Amala alfajiri, alinieleza jambo ambalo sikuwa nimelifikiri. Maji yanayopita chini ya daraja letu hayajui kabisa Bahari ya Hindi. Hushuka kutoka msitu wa Mau, yakakutana na ya Nyangores na kuwa mto Mara, yakapita mbugani, yakaingia Ziwa Viktoria upande wa Tanzania, kisha yakashika njia ya Nili hadi Mediterania. Kinachotoka kwetu kwenda Bahari ya Hindi ni chai. Majani yanayochumwa huko juu ya Bomet na Kericho hupelekwa Mombasa, ambako mnada wake umekuwa tangu ulipohamishwa kutoka Nairobi mwaka 1969. Mifuko ya chai imeifahamu pwani zaidi ya waalimu wanaoifundisha lugha yake.

Safari ya kutoka Mulot hadi Malindi sitaieleza. Barabara ile ina malori yake na vumbi lake na kila mtu anaijua. Malindi nayo ina nguzo ya Vasco da Gama, aliyetia nanga pale Aprili 1498, ina hoteli, na ina waandishi wa kutosha. Safari yetu hasa ilianzia kwenye daraja la Sabaki, kilomita chache kaskazini ya mji, mahali ambapo magari ya watalii wengi hugeuka kurudi.

Mwenzangu alisimamisha gari hapo. Mto huu huanza karibu na Nairobi ukiitwa Athi, ukifika nyikani huitwa Galana, na hapa mwisho ndiyo Sabaki. Ulikuwa na rangi ya chai iliyotiwa maziwa machache. Rangi hiyo iliingia baharini ikatandaa mbali sana, hata bahari ikawa na mpaka, wekundu huku na ubuluu kule. "Hayo ni mashamba ya watu," alisema mwenzangu. Amefundisha mmomonyoko wa udongo miaka mingi kuliko nilivyofundisha methali, na nilimwona amenyamaza kama mtu aliyekutana ana kwa ana na kitu alichokuwa akikisema tu.

Mambrui ni mji wa kale, na ndani yake limo kaburi la mnara lililopambwa kwa mabakuli ya kaure ya Kichina ya enzi ya Ming. Mwaka 2010 wanaakiolojia wa Kenya na China waliokuwa wakichimba hapo walipata sarafu ya mfalme Yongle, aliyetawala China mwanzoni mwa karne ya 15. Mfalme huyo ndiye aliyepelekewa twiga kutoka Malindi mwaka 1415. Nilisimama mbele ya mabakuli yale nikawaza juu ya neno "mbali". Sisi husema pwani hii iko mbali, imejitenga, haifikiki. Mbali na nani? Watu waliokuwa wakipokea vyombo kutoka China miaka mia sita iliyopita wangeshangaa kusikia kwamba wao ndio walio pembeni ya dunia.

Gongoni ni nchi ya chumvi. Maji ya bahari huingizwa katika mabwawa mapana yasiyo na kina, jua na upepo vikayakausha, na kinachobaki hukwanguliwa na kurundikwa vilima vyeupe ambavyo kwa mbali hufanana na theluji. Hiyo ndiyo chumvi tunayotilia mboga Mulot. Haikupatikana bila machozi: malalamiko ya wakazi wa Magarini kuhusu ardhi na maji yao yalifikia hatua ya Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu kufanya uchunguzi wa hadharani na kutoa ripoti mwaka 2006. Mwanafunzi asomaye juu ya viwanda vya chumvi katika kitabu chake atapata mistari michache tu, na kuhusu malalamiko hayo huenda asipate hata mmoja.

Kutoka hapo tulishika njia ya mchanga hadi Ngomeni. Hapa naomba msomaji anivumilie, kwa maana sikuwa nimejiandaa kwa nilichokiona. Ngomeni ni kijiji cha wavuvi. Nyavu zimeanikwa, mashua zimelala ubavu kwa kuwa maji yamekupwa, watoto wanakimbizana. Ukiinua macho ukatazama baharini, unaona majukwaa ya chuma yamesimama juu ya miguu yao ndani ya maji. Hayo ndiyo majukwaa ya San Marco yaliyojengwa na Waitaliano katika miaka ya 1960. Mahali hapa palichaguliwa kwa kuwa pako karibu na ikweta, ambapo mzunguko wa dunia huisaidia roketi kupaa. Urushaji wa kwanza wa setilaiti kutoka hapa ulifanyika mwaka 1967 na wa mwisho mwaka 1988.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya maadhimisho ya uhuru wa Kenya, ilirushwa kutoka majukwaa hayo setilaiti ya Marekani iliyokuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani. Kwa kuiheshimu nchi iliyoipokea, ikapewa jina la Uhuru. Ndiyo, neno la Kiswahili. Mtaalamu aliyeongoza uchunguzi ule, Riccardo Giacconi, alipata tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002, na katika vitabu vya elimu ya nyota duniani kote neno "Uhuru" limeandikwa bila kutafsiriwa. Nimewafundisha wanafunzi wangu dhamira ya uhuru katika riwaya na tamthilia kwa miaka 18, lakini hili sikuwahi kulisikia. Mwenzangu alisema kwamba hata yeye, pamoja na mwalimu wa Fizikia shuleni kwetu, hawakuwahi. Kijana mmoja mvuvi aliyekuwa akishona wavu alituambia kwamba samaki hupenda kukusanyika chini ya nguzo zile. Basi kila mtu ana faida yake.

Baada ya Marereni barabara huiacha bahari. Miti hupungua, mikoma hujitokeza, na ng'ombe huanza kuwa wengi kuliko watu. Huku ndiko nyanda za chini za mto Tana, nchi ya Wapokomo walimao kandokando ya mto na Waorma wafugao. Mwaka 2012 delta hii iliorodheshwa katika mkataba wa Ramsar kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Mwaka huohuo, kuanzia Agosti, ugomvi wa malisho, maji na siasa uligeuka mauaji, na kufikia mwanzoni mwa 2013 watu zaidi ya mia moja walikuwa wamepoteza maisha. Sisi wa Mulot, tuliokaa kwenye mpaka wa wakulima na wafugaji tukijua jinsi jambo dogo huwaka, tulipita hapo tukizungumza kwa sauti ya chini.

Kwa miaka mingi hofu ndiyo iliyowazuia watu kuipita barabara hii. Mabasi ya Lamu yalikwenda kwa msafara, polisi mbele na nyuma. Juni 2014 Mpeketoni ilishambuliwa, wakauawa watu zaidi ya 60. Wakati wa mafuriko, kama yale ya El Nino ya 1997, mto ulifurika na kuifunga njia kabisa. Siku hizi lami imefika hadi Mokowe, jambo ambalo wazee wengi hawakutaraji kuliona. Hata hivyo vizuizi tulivyokutana navyo vilikuwa vingi, na kila kimoja tulitoa vitambulisho na kujieleza. Askari mmoja kijana alipoona mahali pa kuzaliwa kwangu alicheka. "Mwalimu, umetoka Bomet kuja kutafuta nini huku?" Nilimwambia ninatafuta tezi. Alinitazama kwa huruma, akidhani nina maradhi, kwa kuwa tezi ni pia kile kivimbe cha mwilini. Mwenzangu alicheka hata gari likayumba.

Witu tulipumzika kidogo. Mji huu mtulivu uliwahi kuwa makao ya usultani ulioanzishwa na Ahmed Simba wa ukoo wa Nabahani wa Pate, ukawa chini ya himaya ya Wajerumani mwaka 1885, hata stempu zake ukawa nazo. Mwaka 1890 Wajerumani waliukabidhi kwa Waingereza katika mapatano yao, na kabla ya mwaka huo kwisha mji ulikuwa umechomwa moto na jeshi la wanamaji la Uingereza. Leo ukimwuliza mwanafunzi wa Historia juu ya Witu atakupa tarehe hizo. Kwamba mahali penyewe pana mwembe wenye kivuli na mama anayeuza maandazi mazuri, hilo halimo.

Tuligeuka kulia, tukaifuata njia ya mchanga ya kilomita 20 hivi, tukafika Kipini alasiri.

Kipini pamelala mahali ambapo Tana, mto mrefu kuliko yote nchini, uliotoka Aberdare na Mlima Kenya, ukapita kwenye mabwawa ya umeme kuanzia Masinga hadi Kiambere, hatimaye huingia bahari katika Ghuba ya Ungwana. Mwenzangu alisahau njaa. Alikuwa akinieleza jinsi mto ulivyokuwa na mdomo mwingine hapo zamani, na jinsi mfereji wa Belezoni, uliochimbwa katika karne ya 19 kuuunganisha Tana na mto Ozi, ulivyoyavuta maji yakaja kutokea hapa. Binadamu walichimba mfereji wa kupitishia mitumbwi, mto ukaamua kuhamia humo. Alilisema jambo hilo mara tatu, kila mara akionyesha kwa mkono.

Mimi nilikuwa na langu. Nani kati yenu, walimu wa fasihi simulizi, hajafundisha mighani ya Fumo Liyongo? Shujaa asiyepenya mkuki wala mshale, aliyesalitiwa na mwanawe kwa sindano ya shaba kitovuni, akafa amepiga goti kisimani na upinde wake mkononi, hata watu wakaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Muhammad Kijumwa wa Lamu aliuandika utendi wake mwaka 1913. Mimi Liyongo nilimfundisha kama mtu asiye na mahali, mtu wa "hapo zamani za kale". Wenyeji wa Kipini na Ozi huzungumza juu yake kama mtu wa hapa, na huonyesha mahali wanaposema ndipo alipozikwa. Si mbali na hapo ziko pia kuta za Ungwana, mji uliochimbwa na mwanaakiolojia James Kirkman katika miaka ya 1950, ambaye alichapisha kitabu chake juu ya mji huo mwaka 1966. Mizizi ya miti imeingia katika nyufa za misikiti. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nimefundisha hivyo. Pale ufa haukuzibwa na ukuta haukujengwa.

Asubuhi ya pili, ufukweni, niliona chombo kimepandishwa mchangani na kuegemezwa magogo. Kilikuwa mashua ya kiasi, si jahazi kubwa. Mzee mmoja alikuwa ameketi chini ya ubavu wake akiingiza pamba katika nafasi za mbao kwa nyundo na patasi. Kando yake palikuwa na keekee, tezo, na kopo lililotoa harufu kali mno.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mwatoka wapi?"

Nilimwambia tunatoka Mulot, nikaona jina halimwambii kitu. Nikasema Bomet. Nikasema karibu na Kericho, kwenye chai. Hapo aliweka nyundo chini. "Ala! Ndiko itokako chai?" Akaita kijana alete mkeka.

Niliuliza juu ya kopo. Akasema ni sifa. Nilidhani ananitania. Sifa, alinieleza, ni mafuta ya ini la papa, nayo hupakwa mbao za chombo zisipasuke kwa jua. Chini, sehemu inayokaa majini, hupakwa deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa. Kule kutia pamba ni kukalafati. Mbao zilizopinda ndani kama mbavu ni mataruma, na uti ule mrefu wa chini ni mkuku. Nilikuwa nimetoa daftari na kuandika kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Ndipo nikakusanya ujasiri nikamwuliza tezi ni wapi.

Hakucheka. Alisimama polepole akishika kiuno, akanipeleka nyuma ya chombo, akaupigapiga ubao kwa kiganja. "Hii ndiyo tezi." Tukauzunguka ubavu hadi mbele. "Hii omo." Kisha akaniambia nivue viatu nipande. Ndani, chini kabisa, mahali ambapo ubavu wa huku na wa huku hukutana, palikuwa na maji meusi kidogo yaliyobaki. "Na hapo uliposimama ndipo ngamani."

Nilimsomea methali yangu. Alitikisa kichwa kuikubali, kisha akaniuliza mimi naifahamu vipi. Nikampa jibu la mwongozo: mtu hutangatanga lakini hurejea kwao. "Ndiyo, wasema hivyo," alijibu. "Lakini mimi nimekuwa baharia kabla sijawa fundi. Chombo chochote huvuja. Maji yote yaingiayo, hata yawe kidogo vipi, hushuka ngamani. Baharia akae tezi akizungumza na nahodha, aende omo akaangalie mbele, mwisho ataitwa ngamani afue maji. Asipoyafua, hiyo tezi na hiyo omo zote zitakwenda chini."

Sisemi kwamba maana ya vitabuni ni ya uongo. Methali ina wenyewe wengi, na mzee alinipa maana ya mtu aliyeinamisha mgongo wake na ndoo mkononi. Lakini nimekaa nayo tangu siku ile, na sijaweza tena kuisema ile ya kwanza peke yake. Nilikuwa nikiwafundisha watoto kwamba ngamani ni nyumbani unakorejea upumzike. Kumbe ndiko kwenye kazi.

Chai ilipoletwa, ikawa zamu yangu kuulizwa. Mzee alitaka kujua chai hukatwaje. Alidhani huvunwa kama mpunga wa huku kwao, kwa kisu, ikafungwa mafungu. Nilimweleza kwamba huchumwa kwa vidole, majani mawili na chipukizi lake, na kwamba mche ukiachwa huwa mti mrefu, lakini sisi huupogoa ukabaki kimo cha kiuno, mchumaji apate kuufikia. Alimwita mjukuu wake, mvulana wa shule, akaniomba nirudie. Mvulana alikuwa ameandika habari za kilimo cha chai katika daftari lake la Jiografia na kupata alama zote. Alinisikiliza, kisha akaniuliza mche mmoja una urefu gani ukipimwa naye. Nikamwonyesha kwenye mwili wake mwenyewe, juu kidogo ya kitovu. Alitabasamu, naye mwenzangu akaniambia kwa sauti ndogo: "Huyu naye ana mwalimu kama sisi."

Kabla ya kuondoka nilimpa mzee pakiti ya majani ya chai niliyoibeba kutoka nyumbani. Yeye alinipa kipande cha ubao wa mvule chenye pamba ya kalafati ndani yake. Nilimwuliza ni vijana wangapi wanajifunza kazi hii kwake. Aliinua kidole kimoja, akakikunja nusu. Siku hizi, alisema, vijana wanataka mashua za faibagilasi zisizohitaji pamba wala sifa, na hawezi kuwalaumu, kwa maana injini haingoji kusi wala kaskazi.

Tulifika hadi Mokowe, tukaziona mashine za bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Tukavuka hadi mji wa Lamu, uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2001. Umeelezwa na wenye kalamu kunishinda, nami nauacha. Gari la mwenzangu lilitufikisha Mulot bila kuharibika, na tangu hapo halina mwisho wa kusifiwa; namaanisha sifa ile nyingine.

Nilipofika shuleni nilimwomba mwalimu mkuu kwamba fedha za ziara ya mwaka ujao, zinazokwenda kila mara mahali palepale, zitupeleke Ngomeni na Kipini, hata ikiwa ni wanafunzi 20 tu badala ya basi zima. Alisema barabara ni ndefu, wazazi watahofia usalama, na mahali hapo hapamo katika mtihani. Nilimjibu kwamba Liyongo yumo, methali zimo, mmomonyoko umo, chumvi imo, delta imo. Mjadala huo haujesha. Nina hakika unaendelea katika shule nyingine nyingi, na ningependa kusikia walimu wenzangu wameushinda vipi.

Darasani nilichora chombo ubaoni, tezi, omo na ngama, nikaupitisha ule ubao wa mvule kila dawati. Niliwaambia kwamba niliyowafundisha zamani hayakuwa sawa. Kidato cha nne walinung'unika kidogo, kwa kuwa wao walikwisha kuyaandika kwa kalamu ya wino.

Kisha nilikwenda kwenye rejista za zamani. Jina la binti yule limo, na mbele yake pameandikwa mji ambao baba yake alihamishiwa. Nilimwandikia barua kupitia ofisi ya baba yake. Nilimweleza kwamba jahazi sasa nimeliona, ingawa kwa kweli lilikuwa mashua. Ndani ya bahasha nilitia nakala ya swali lile la mtihani, na kando ya jibu lake nikaandika alama mbili kwa wino mwekundu, na tarehe. Jibu bado halijafika.